Udongo wa mbuga na hasara ya matangi ya chini ya ardhi

WAKULIMA wa Shinyanga na Simiyu wana sababu nzuri ya kuvuna maji ya mvua. Paa la bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hutoa karibu lita 1,000. Wengi hupendelea tangi la kuchimbiwa kwa kuwa ardhi husaidia kushikilia kuta. Hata hivyo, katika udongo mweusi wa mbuga hesabu hiyo hubadilika.

Udongo huo, unaopatikana pia Mwea na nyanda za Kano nchini Kenya, unafaa kwa mpunga na pamba kwa sababu hushika maji. Lakini ukilowa huvimba, na ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa pana.

Tatizo kubwa ni majira. Kiangazi kinapoanza tangi limejaa. Udongo husinyaa na kuachana na ukuta, maji yakausukuma ukuta kuelekea nje bila kizuizi. Kufikia Oktoba tangi ni tupu. Mvua za kwanza hupenya kwenye nyufa, udongo huvimba na kuusukuma ukuta ndani, huku hakuna maji ya kuuhimili. Ufa ukitokea, maji yanayovuja huuvimbisha udongo zaidi.

Dawa ya kwanza ni kuchagua mahali. Wasukuma hutofautisha mbuga ya bondeni na luseni, udongo wa kichanga wa sehemu za juu. Kuhamisha shimo mita chache kuelekea juu kunaweza kuokoa gharama yote.

Pasipo na nafasi hiyo, tangi la plastiki la juu ya ardhi ni salama zaidi. Anayelazimika kuchimba ajenge la duara lenye nondo. Kwa eneo na kina kilekile, ukuta wa duara ni mfupi kuliko wa mraba kwa takriban asilimia 11, na hauna kona dhaifu. Udongo mweusi wa pembeni na chini uondolewe, ijazwe changarawe iliyoshindiliwa, na maji ya juu yaelekezwe mbali. Aidha, tangi lisikaushwe kabisa kabla ya mvua.

Gharama hizo huongeza bei ya ujenzi. Lakini mkopo wa SACCOS hulipwa hata tangi likipasuka. Kwa hiyo anayekopa na anayekopesha waulize kwanza aina ya udongo, ndipo waulize bei ya saruji.