Alama ya Rangi Isiyo na Mwaka

Kwa mhudumu wa afya aliyeko Kamsamba, katika bonde la Rukwa wilayani Momba, kivinjari kilichobuniwa kwa ajili ya utafiti ni msaada mkubwa: humwezesha kuipaka rangi sentensi aitakayo, kuandika dokezo pembeni, na kuhifadhi ukurasa ausome hata mtandao ukikatika. Sina ugomvi nacho. Wasiwasi wangu ni ile rangi ya njano, ambayo haichakai.

Tuchukue malaria kali. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya artesunate, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2015 kipimo hicho kikapandishwa kuwa miligramu 3 kwa watoto walio chini ya kilo 20. Mtoto wa kilo 12 anayepimiwa kwa dokezo la zamani hupata miligramu 28.8 badala ya 36, ilhali aliyempimia hana shaka hata chembe, kwani rangi aliipaka mwenyewe.

Kila dokezo, basi, liandikiwe chanzo na mwaka wa mwongozo, si siku tuliyousoma tu. Na jina la mgonjwa lisiingie humo kamwe. Nawe mzazi, ukiona simu inafunguliwa kabla mwanao hajadungwa sindano, uliza bila haya: mwongozo huo ni wa mwaka gani?