Barabara ya Mtaa Si Stoo ya Supamaketi

Kuna jibu moja ambalo mkazi wa Nairobi hupewa kila anapolalamikia malori yanayoleta bidhaa kwenye supamaketi ya mtaani kwake. Awe anaishi Kilimani au Roysambu, South B au Umoja, ataambiwa kwamba mjini ni kelele, na asiyezitaka arudi ushago. Wanaolitoa huliona jibu la watu wazima. Duka lazima lijazwe, wanasema, mkate lazima ufike kabla ya chai ya asubuhi, na lori halina mabawa. Kwa hiyo lori kuziba lango la watu alfajiri, kreti kurushwa sakafuni na honi kulia kumwamsha karani wa stoo, yote hayo huchukuliwa kuwa sehemu ya maisha ya mjini kama ilivyo mvua ya Aprili. Imani hiyo imeenea hata kwa wanaoumizwa nayo, na ni potofu. Mvua ya Aprili haina mwenyewe. Lori lina mwenyewe, lina ratiba, lina hati ya mzigo iliyopigwa muhuri, na mahali liliposimama palichaguliwa na mtu aliyekuwa na njia nyingine akaiacha.

Anayetaka kujua kwa nini mzigo unashushwa barabarani asianzie kwa dereva. Aanzie kwenye ramani ya jengo. Supamaketi hulipa kodi kwa futi ya mraba. Futi yenye rafu huingiza pesa, futi ya stoo hailipi chochote, basi stoo hupunguzwa na rafu huongezwa. Stoo ikipungua, mzigo hauwezi tena kuja kwa wingi siku moja. Inabidi uje kidogo kidogo, tena mara nyingi. Na kwa kuwa hapa Kenya bidhaa nyingi huletwa dukani moja kwa moja na wasambazaji wenyewe, kila mmoja huja na gari lake: la mkate, la maziwa, la soda, la unga, la bia, la maji ya chupa. Mlango wa nyuma ni mmoja na karani wa kupokea mzigo ni mmoja, kwa hiyo wa pili humngoja wa kwanza, wa tatu humngoja wa pili, injini zikinguruma ukingoni mwa barabara. Mwenye jengo naye ana hesabu zake. Pale palipokuwa na nyumba moja na bustani yake, sasa pana ghorofa kumi na kitu, supamaketi ikiwa chini kabisa na maegesho yakiwa chini ya ardhi, dari yake fupi kiasi kwamba hata kanta haipiti. Lori lingeingilia wapi? Swali hilo lilikuwa na jibu siku ramani ilipochorwa, na jibu lilikuwa barabara ya umma. Mwenye jengo aliuza nafasi ya kupakulia mizigo kwa bei nzuri, kisha akaiazima ya jirani bila kuomba.

Azima hiyo ina gharama, na gharama hiyo ina mlipaji. Wahandisi wa barabara wamejua tangu majaribio makubwa yaliyofanywa jimbo la Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba uharibifu wa lami hauongezeki sawa na uzito wa ekseli. Huongezeka, kwa makadirio, kwa kipeo cha nne cha uzito huo. Ekseli ya tani 8 ina uzito mara 16 ya ekseli ya gari dogo yenye nusu tani, lakini kwa kanuni hiyo huichosha lami zaidi ya mara 65,000. Barabara za ndani ya mitaa zilijengwa kwa ajili ya magari ya wakazi. Zinapochimbika mbele ya supamaketi, kingo zikimeguka na vifuniko vya mitaro vikivunjika, fedha za kuziba mashimo hutoka kwa mlipa kodi, wala hazionekani kwenye vitabu vya duka. Kwa kelele hali ni hiyo hiyo. Lori lenye friji huwa na injini ya pili inayozungusha mtambo wa baridi, na injini hiyo haizimwi lori linapoegeshwa. Kengele ya kurudi nyuma imeundwa makusudi ili isikike mbali. Ngazi ya chuma ya nyuma hugonga lami kila inaposhushwa. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria yetu ya mazingira, zinataka eneo la makazi lililochanganyika na biashara lisizidi desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kiwango kinachokaribia mnong'ono. Hakuna lori la kreti za maziwa linaloshusha mzigo kwa mnong'ono. Anayeambiwa avumilie saa kumi alfajiri, kwa hiyo, anaambiwa avumilie uvunjaji wa sheria, hata kama anayemwambia hajui hivyo.

Lakini wakazi nao wana imani yao, na haifai kuachwa salama kwa sababu tu ni wanyonge katika mvutano huu. Wao hudai malori makubwa yapigwe marufuku mtaani. Dai hilo lina mvuto: lori kubwa ndilo linaloonekana, ndilo linalotisha, ndilo linalokwangua ua wa michongoma. Tatizo ni kwamba bidhaa hazipungui kwa kubadilisha chombo. Mzigo wa lori moja ukigawanywa kwenye pikapu na kanta nane, mtaa umejipatia injini nane, honi nane na foleni ya magari manane pale mlangoni. Barcelona walilijaribu jambo hili kwa kuligeuza. Mwaka 2003 jiji hilo, pamoja na kampuni ya maduka ya Mercadona, liliruhusu malori makubwa yaliyofungwa vifaa vya kupunguza kelele yapeleke mzigo usiku, na malori mawili yakafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na saba madogo mchana. Uholanzi ilitangulia kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianzisha mpango uitwao PIEK, uliodai magari na vifaa vya kushushia mizigo usiku visizidi desibeli 60 vikipimwa mita 7.5 kutoka vilipo. Watengenezaji walipopewa namba hiyo walirudi karakanani wakatoka na toroli zenye magurudumu laini, sakafu za malori zilizofunikwa, ngazi zisizogonga, na friji zinazochomekwa kwenye umeme wa duka badala ya kunguruma kwa dizeli. Hakuna aliyegundua sayansi mpya. Walichokikosa awali ni mtu wa kuwaambia kwamba usingizi wa jirani ni sehemu ya gharama za biashara yao.

Sisemi tuhamishie kila kitu usiku. Jaribio hilo ni la kale: Roma ya Julius Caesar ilizuia mikokoteni kuingia jijini sehemu kubwa ya mchana, na baadaye mshairi Juvenal akalalamika kwamba magari hayo ya usiku hayamwachi mtu kulala. Kwa kiwango chetu cha desibeli 35, tena na malori tuliyo nayo, usiku haufai mitaani. Hata asubuhi, wakati watoto wanapokwenda shule na magari ya kazini yanapotoka, haifai. Inabaki mchana wa kati, baada ya msongamano wa asubuhi na kabla ya ule wa jioni, muda ambao wenye maduka husema hauwafai kwa sababu ndipo wateja wanapokuwa wengi kwenye rafu. Ukisikiliza vizuri, utagundua kwamba hoja hiyo inamlinda mteja aliye ndani ya duka asigongwe na toroli, kisha inamwacha aliye nje ajiokoe mwenyewe.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la bei. Ukiwabana wenye maduka, tunaambiwa, unga utapanda, na mwananchi wa kawaida ndiye atakayelipa. Ni hoja ya kuheshimiwa katika nchi ambayo bei ya unga imewahi kutikisa serikali. Tuipime basi. Lori linalongoja mlangoni kwa sababu duka lina karani mmoja linachoma dizeli, na dereva na turniboi wake wanalipwa kwa kukaa. Gharama hiyo tayari imo ndani ya bei ya mkate. New York ilipofanya majaribio mwaka 2009 na 2010 ya kupanga upya saa za kupeleka mizigo, magari yalikwenda kwa kasi zaidi na faini za kuegesha vibaya zikapungua. Utaratibu unaweza kuokoa pesa, na mpango wa wasambazaji kadhaa kukusanya mizigo yao kwenye bohari moja nje ya mtaa, ije kwa gari moja lililojaa, unaweza kuokoa zaidi. Tukumbuke pia Agosti 28, 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa. Kesi zilikuwa zimepelekwa mahakamani, tukaambiwa kwamba kazi zitapotea na wanunuzi watataabika. Supamaketi zikabadilika, tena haraka kuliko wengi walivyotarajia, na mteja akaanza kubeba kikapu. Na kama ni uhai wa maduka unaohofiwa, Nakumatt, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, iliangushwa na madeni kwa wasambazaji, mabenki na wenye majengo. Haikuuawa na ratiba ya kushusha mizigo.

Wengine husema haya ni malalamiko ya wenye navyo, watu wa magorofa wanaotaka supamaketi iwe karibu lakini isionekane ikifanya kazi. Ni kweli kwamba sauti inayosikika zaidi katika mabishano haya hutoka mitaa yenye vyama vya wakazi na mawakili. Lakini tazama ni nani yuko barabarani lori linaporudi nyuma. Takriban safari 4 kati ya 10 jijini Nairobi hufanywa kwa miguu. Lori likipanda kijia cha watembeao, mwenye gari hungoja dakika chache huku kiyoyozi kikiwaka, ilhali yaya anayemshika mtoto mkono, mlinzi anayetoka zamu na mama mboga aliyepanga nyanya zake ukingoni hushuka kwenye lami na kupita upande ambao dereva hauoni. Mitaa isiyo na chama cha wakazi huumia zaidi na huandika barua kidogo. Tukikubali kwamba kulalamikia kelele na hatari ni haki ya wenye navyo peke yao, tutakuwa tumewanyima wengine hata ruhusa ya kulalamika.

Kuna pia wanaosema kwamba mkazi anayenunua maziwa pale pale hana uso wa kulalamika. Hoja hii ni ya kejeli zaidi kuliko mantiki. Anayepanda matatu hajapoteza haki ya kudai breki zake zikaguliwe. Na anayeambiwa ahame ataambiwa ahamie wapi, ikiwa kila barabara ya ndani yenye wapangaji wa kutosha itapata supamaketi yake? Zamani maduka makubwa, tangu supamaketi ya Uchumi ilipoanzishwa mwaka 1975, yalitafuta wateja hasa katikati ya jiji na kando ya barabara kuu. Sasa yanawafuata nyumbani. Wakazi wengi hawakuhamia kwenye kelele. Kelele ndizo zilizowahamia.

Kinachokera zaidi katika imani hii ya uvumilivu ni kwamba huwaachia lawama wale wasio na uwezo wa kubadilisha lolote. Wakazi hugombana na turniboi. Askari wa kaunti huifunga mnyororo kanta ya mkate, dereva hulipa faini au hutoa kitu kidogo, na kesho yake lori jingine limesimama pale pale, kwa kuwa hakuna pengine pa kusimama. Aliyepitisha ramani isiyo na uwanja wa kupakulia yuko ofisini, na hakuna anayempigia honi. Kaunti haiwezi kudai kwamba haina nguvu. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangaza kusitisha leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi, jambo lililogusa biashara zenye pesa na marafiki wakubwa. Kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi hutolewa kwa sheria ya mipango ya mwaka 2019, ambayo inawapa wakazi nafasi ya kupinga kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika.

Kwa majengo mapya, kazi ni rahisi: ramani isiyoonyesha lori litaingilia wapi, litageukia wapi na litashushia wapi mzigo ndani ya kiwanja, isipitishwe. Kwa yaliyopo, kaunti ina leseni ya biashara inayolipiwa kila mwaka. Kabla ya kuihuisha, kila supamaketi iliyo ndani ya makazi itakiwe kuandika saa zake za kupokea mzigo, idadi ya magari kwa siku, mahali yanapongojea zamu, na jina na cheo cha anayewajibika ratiba ikivunjwa. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye lango la nyuma, upande wa barabarani, ambapo jirani anaweza kuisoma na askari wa kaunti pia.