Mgomo Usimfuate Mgonjwa Kitandani

Wazee wetu waliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A mwaka 1991 walidai haki ya raia kukataa. Sisi warithi wao hatuwezi kumnyima muuguzi haki ya kugoma. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinamlinda. Lakini kifungu cha 43 nacho chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Haki hizi ziligongana mwaka 2017, wauguzi wa hospitali za umma walipogoma tangu Juni hadi Novemba. Wenye fedha walikwenda hospitali za binafsi. Mama wa Mbumbuni aliyeshikwa na uchungu usiku, hana nauli, angekwenda wapi?

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yakataza mgomo hospitalini; katazo hilo halikuuzuia. Twapendekeza serikali ya kaunti na chama cha wauguzi waandikiane mapema mkataba: nani atabaki zamu wodi ya uzazi, ya watoto wachanga na kitengo cha dharura, naye alipwe. Serikali nayo itimize kila makubaliano inayotia sahihi.

Ndugu waumini, muulizeni mwakilishi wenu wa wadi: mkataba huo uko wapi?