Ile nyumba ya Lubumbashi iko na jina la nani?



Kule Lubumbashi, upande wa uwanja wa ndege wa Luano, kuko nyumba inaitwa Villa Brouwez. Brouwez alikuwa mwenye nyumba, Mbelgiji. Lakini si yeye aliyeifanya ijulikane.

Tarehe 17 Januari 1961, ndege ilileta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakiwa wamefungwa kamba. Waliingizwa katika ile nyumba, wakapigwa humo kwa masaa. Usiku uleule wakapelekwa porini, Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja mmoja. Wakubwa wa Katanga walikuwapo, na maofisa Wabelgiji pia.

Lumumba kila mtu anamujua. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua kama Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo? Kama Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti? Miili ya wote watatu iliharibiwa ili pasibaki kaburi. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, likazikwa Kinshasa. Kwa Mpolo na Okito, hakuna kilichorudi.

Basi angalau majina yao yarudi. Tunaomba Leta iilinde ile nyumba na iipe majina ya wale watatu. Walimu wa Lubumbashi, pelekeni watoto pale. Na sisi tuanze leo: tukiitaja, tuseme Nyumba ya Lumumba, Mpolo na Okito. Kwa kutaja jina, hatuhitaji kungoja amri ya mutu.