Mume Mwenye Kusahau

Imetufikia barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja, akaaye Leicester, Uingereza. Asema mumewe ana miaka 38, ni mtu mwema, haachi sala, lakini amekwisha poteza kazi tatu kwa kuchelewa na kusahau. Barua za kodi huzitia katika saraka ya meza bila ya kuzifungua. Akitumwa maziwa hurudi na misumari. Wakwe wamemwita mzembe, na shangazi mmoja ameshauri apungwe. Mwaka jana mwenyewe alikwenda akapimwa, akaambiwa ana ADHD, yaani ile hali ya akili kushindwa kutulia juu ya jambo moja. Akapewa dawa, na nyumba ikaanza kuwa nyumba. Sasa daktari wa mtaani mwao amekataa kumwandikia dawa hizo. Dada atuuliza: Je, anayo haki ya kukataa? Na wao wafanyeje?

Kabla ya kumjibu twataka kusema kidogo na wakwe. Majini yametajwa katika Kitabu na sisi twayaamini. Bali si kila saraka iliyofungwa imekaliwa na jini. Hali hii haimwanzi mtu ukubwani. Sharti mojawapo la kumpima mtu mzima ni kuwa dalili zake zilikuwako kabla hajatimiza miaka 12, na ndiyo sababu wapimaji hutafuta ripoti za skuli na kutaka kumsikia mama au kaka mkubwa. Hapo wengi wetu hukwama. Ripoti zilibaki Unguja zikaliwa na mchwa, na mama akiulizwa hujibu, “Mwanangu hana ila,” kwa kuchelea aibu. Ewe mama, wewe hapo ni shahidi. Sema ulivyomwona. Usonji nao hupimwa kwa kurudi utotoni vivyo hivyo, na mtu aweza kuwa nayo yote mawili, ingawa kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani hakikuruhusu kuyaandika pamoja mpaka mwaka 2013. Huko Uingereza mwongozo ulioingiza watu wazima katika matibabu ya ADHD ulitoka 2008; bwana huyu alikuwa amekwisha toka skuli, na fimbo zake amekwisha zila.

Ama swali lenyewe. Mtaalamu ndiye aanzaye dawa, kwa kipimo kidogo, akikipandisha polepole. Ikisha kutulia, humwomba daktari wa mtaa achukue kazi ya kuandika cheti na kupima uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo kila miezi 6, na mtaalamu humtazama mgonjwa mara moja kwa mwaka. Huko ndiko kushirikiana matibabu, na ushirika ni wa hiari. Basi ndiyo, daktari yule anayo haki ya kukataa. Lakini kukataa kwake hakumwachi mgonjwa bila ya mwenyewe: dhamana ya dawa hubaki kwa mtaalamu aliyeianza. (Kumpa mtu habari hiyo kwa ujumbe wa mistari miwili, kama alivyofanyiwa huyu, twaona si uungwana.)

Kwa hiyo, dada, jambo la kwanza ni kujua mumeo alipimwa kwa njia gani. Katika England mgonjwa aweza kumtaka daktari wake ampeleke kwenye kliniki aichaguayo yeye, maadamu ina mkataba na Huduma ya Afya ya Taifa. Haki hii haiko Scotland wala Wales. Kama alipita njia hiyo, kliniki yapasa kuendelea kuandika, naye atalipa ada ya kawaida tu. Kama alilipa mfukoni mwake, mzigo utakuwa mzito, na hapo ombeni sababu ya kukataa kwa maandishi, kisha muombe apelekwe kwa wataalamu wa serikali. Mkitaka kuhamia kwa daktari mwingine, muulizeni kabla ya kujiandikisha kama hukubali ushirika huo. Wala msingoje chupa iishe, kwani nyingi katika dawa hizi ni za kudhibitiwa, na kwa desturi hazitolewi zaidi ya siku 30.

Umetaja pia Ramadhani na umra. Ziko dawa zinyweywazo mara moja alfajiri, na hizo zaweza kuangukia daku. Lakini hupunguza hamu ya chakula na kukausha kinywa, na zikinywewa jioni hufukuza usingizi. Mumeo asibadili saa mwenyewe. Na aonane na mtaalamu katika Shaabani, si usiku wa mwezi kuandama. Kwa safari, achukue barua ya daktari, aache dawa katika chupa yake yenye jina lake, na aulize ubalozi wa kila nchi atakayopita, Ghuba hasa, kwani ziko dawa ambazo huko haziingii bila ya ruhusa ya mbele.

Dada tumemjibu pia kwa posta, na tumemtaka atuletee jawabu ya kliniki.