Ununuapo Ploti, Uliza Kibali cha Maji

Ninyi mnaotafuta ploti pande hizi za Thika, iwe ni Kiganjo, Makongeni, Juja au Ruiru, nina neno la kuwaambia kabla hamjatoa pesa. Mkenya wa leo amejanjaruka kuhusu ardhi, na kilichomjanjarusha ni machozi ya waliotapeliwa kabla yake. Hatoi hata arubuni kabla ya kuchungua rekodi katika afisi ya ardhi. Anataka kuona hatimiliki, ramani, vigingi vya mipaka, idhini ya bodi ya ardhi na saini ya mke wa muuzaji. Hayo yote ni mema. Lakini ikifika zamu ya maji, mtu huyo huyo mwerevu hufunguliwa mfereji mbele ya macho yake, akaona maji yanatoka, akaridhika.

Tazama mambo yanavyokwenda Jumamosi asubuhi. Dalali ameleta wateja kwa matatu ya kukodi. Katikati ya shamba lililokatwakatwa umesimama mnara wa chuma, na juu yake tangi jeusi la plastiki. Kando ya mnara kuna kijumba cha mabati chenye swichi ya pampu. Dalali anabonyeza swichi, watu wanangoja kidogo, kisha bomba linakohoa upepo na maji yanaruka kwa kishindo. Mama mmoja anakinga mikono, ananawa uso, anacheka. “Hapa maji si shida, mama. Kisima hiki kinakuja na ploti.” Papo hapo bei inapanda kwa maelfu, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa kila mmoja wao ametoka mahali ambako hununua jerikeni kwa mwenye mkokoteni. Wala hakuna anayeuliza: kibali cha kisima hiki kina jina la nani? Kinaruhusu kuvutwa maji kiasi gani kwa siku? Kimeandikiwa shamba lipi, na kwa kazi gani?

Maswali hayo yana uzito kuliko urefu wa mnara, kwa sababu yule dalali anauza kitu ambacho si chake, wala si cha aliyemtuma.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016, iliyochukua mahali pa ile ya 2002, inasema wazi kwamba rasilimali zote za maji nchini ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa, ikizishika kama amana kwa watu wa Kenya. Katiba ya 2010 inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Wala msingi huu haukuanza juzi. Hata sheria ya mkoloni iliyoanza kutumika mwaka 1952 haikumwachia setla mto uwe mali yake. Aliyejipimia maelfu ya ekari za ardhi ya wenyewe, maji aliyaombea kibali.

Kwa hiyo mwenye hatimiliki ya shamba linalopitiwa na Mto Ndarugu hana mto; ana ukingo. Mwenye kisima cha mita 200 hana maji yaliyo chini ya mwamba; ana shimo, mabomba na pampu. Anachoweza kuwa nacho juu ya maji yenyewe ni ruhusa ya kuyatumia, na ruhusa hiyo hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, WRA. Anayechota mtoni kwa ndoo kwa mahitaji ya nyumbani, bila mtambo wowote, sheria haimwulizi kibali. Lakini ukitia pampu, ukijenga bwawa, ukichimba kisima kwa mtambo au ukiuelekeza mto kwenye mfereji wa shamba, umeingia katika mambo yanayotaka kibali.

Kibali hicho ukipata bahati ya kukishika, kisome polepole. Kina jina la aliyepewa. Kinataja chanzo cha maji, iwe ni mto au kisima. Kinataja ardhi ambayo maji hayo yatatumika, na kazi yake: kunyunyizia mimea, kuosha kahawa, kiwanda, matumizi ya nyumbani au ya umma. Kinataja kiasi kwa mita za ujazo kwa siku. Kina masharti, kama vile kufunga mita na kulipa ada ya maji yanayovutwa. Kina tarehe ya kuisha. Mwenye kibali ni mpangaji mwenye risiti, na mpangaji hauzi nyumba.

Sasa tuje kwenye uhamisho, maana hapo ndipo watu wengi huumizwa. Kibali cha maji hufungamanishwa na ardhi au na mradi uliotajwa ndani yake. Shamba zima likiuzwa, kibali hulifuata shamba, hakibaki mfukoni mwa aliyeuza. Mnunuzi naye yampasa aende kwa Mamlaka jina libadilishwe, ili ada na masharti yajulikane ni ya nani. Mwenye kibali akitaka kitumike kwenye ardhi nyingine, hawezi kukichukua tu na kukibandika huko. Hapana budi aombe, na Mamlaka ndiyo yenye kukubali, kukataa au kuweka masharti. Akitaka kubadilisha kazi ya maji, au kuongeza kiasi, ni vivyo hivyo. Na akikaa na kibali bila kuyatumia maji kwa manufaa, sheria inaruhusu kibali kufutwa, maana maji ya umma hayafungiwi kabatini kungoja bei ipande.

Shamba likigawanywa je? Hili ndilo swali la Thika na Ruiru ya leo. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya pande hizi yamekuwa yakigeuka mitaa ya nyumba mbele ya macho yetu. Tatu City yenyewe ilikuwa kahawa. Mashamba hayo yaliishi kwa maji ya mito: yalinyunyizia mibuni wakati wa kiangazi na kuosha matunda ya kahawa kiwandani. Sasa mibuni imeng'olewa, ramani imechorwa, na kila mtu ana futi zake 50 kwa 100. Kibali cha zamani kilikuwa cha shamba moja lenye mwenyewe mmoja. Hakijipasui vipande vipande kwa sababu ramani imepasuliwa. Ardhi ikigawanywa, Mamlaka ndiyo yenye uwezo wa kuamua upya maji yale yatagawanywaje na kwa masharti gani, na lazima iendewe.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Shamba la ekari 40 likikatwa ploti za futi 50 kwa 100, hata baada ya kutoa barabara zinapatikana ploti zaidi ya 250. Tuseme kisima kina kibali halali cha mita za ujazo 20 kwa siku. Hizo ni lita 20,000, yaani jerikeni 1,000 za lita 20. Gawanya kwa familia 250: kila nyumba inapata jerikeni 4 kwa siku, za kupikia, kuoga, kufua na kumwagia choo. Yule mama aliyenawa uso Jumamosi hakuambiwa habari ya jerikeni 4. Aliambiwa maji si shida. Naye dalali alijua kwamba siku ile nyumba zote zitakapojengwa, yeye atakuwa anauza shamba jingine.

Wengine hujibu kwamba pampu inaweza kuvuta zaidi ya hapo. Naam, inaweza, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kiasi kilichoandikwa kwenye kibali hakikuandikwa kuwaudhi watu. Maji ya chini ya ardhi hayajui ua wa mawe. Kisima kimoja kikivuta kupita kiasi, maji hushuka katika kisima cha jirani, na jirani anapochimba zaidi, wa tatu anakauka. Ukivunja kibali, umemnyang'anya mtu usiyemjua, aliye ng'ambo ya ua au chini zaidi kando ya mto. Mimi nauita wizi, na sioni jina jingine. Tena mwenye kisima akianza kuuzia mtaa mzima, amejitia katika kazi ya huduma ya maji, nayo kazi hiyo ina leseni zake na bodi yake ya kuisimamia, WASREB.

Yuko atakayesema kwamba taratibu zote hizi ni urasimu, kwamba afadhali haki ya maji iuzwe sokoni, aliye na pesa anunue. Nchi ya Chile ilifanya hivyo. Kwa sheria yake ya maji ya mwaka 1981, haki za maji zilitenganishwa na ardhi, zikawa mali ya kuuzwa na kununuliwa. Bonde la Petorca likajaa miparachichi ya kuuzwa ng'ambo, huku wanavijiji wakiletewa maji ya kunywa kwa malori. Mwaka 2022 Chile ilibadilisha sheria hiyo, ikatangaza kwamba kupata maji ni haki ya binadamu, na kwamba haki mpya za maji zitakuwa na ukomo wa muda. Miaka zaidi ya 40 ilipita kabla ya kujirudi.

Wala sisemi kwamba kila mahali maji yanapouzwa pana dhuluma. Omani, nchi ambayo ndugu zetu wengi wa pwani wana jamaa huko, kuna mifereji ya kale iitwayo aflaj, na mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Huko mtu humiliki fungu la maji kwa muda, nusu saa kwa nusu saa, naye anaweza kulikodisha au kuliuza hata bila ya shamba. Lakini soko hilo linasimamiwa na wanakijiji wenyewe, mbele ya macho ya kila mtu. Na kabla maji hayajafika kwenye mtende wa tajiri yeyote, hupita kwanza mahali pa watu kunywa, bure. Sheria yetu nayo ina utaratibu wa namna hiyo: matumizi ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote. Kinachopungua kwetu ni macho ya watu.

Macho hayo sheria imeyapa nafasi. Maombi ya kibali hutangazwa na wananchi huulizwa maoni, na anayeona ataumia anaruhusiwa kupinga. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufani kwenye Baraza la Maji (Water Tribunal). Viko pia vyama vya watumiaji maji, vinavyoundwa na watu wa mto mmoja ili wasuluhishane na kulinda chanzo chao. Ni watu wangapi wa Kiganjo wanaojua chama cha mto ulio karibu nao, au waliowahi kuhudhuria hata mkutano mmoja? Tunajaa mazishini na kwenye harambee, lakini tangazo la mtu anayetaka kuvuta maji ya watoto wetu hubandikwa ukutani likachakaa bila kusomwa.

Wala nisionekane nawasema wenye ploti na madalali peke yao. Uhamisho mkubwa kuliko wote wa maji ya pande hizi umefanywa na serikali. Mto Thika na Mto Chania hukutana hapa Thika mjini na kuteremka kwenda Tana. Nairobi iko katika bonde la Athi. Hata hivyo, bwawa la Ndakaini huko Gatanga, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, lilijengwa ili maji ya Mto Thika yainyweshe Nairobi. Kisha likaja handaki la karibu kilomita 12 la kuongeza maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati kuelekea Ndakaini, na watu wa Murang'a wakalalamika kwamba mito yao inachukuliwa nao wabaki na ndoo tupu. Sisemi Nairobi ife kiu. Mamilioni ya watoto wetu wanaishi huko. Nasema kwamba yule anayeishi chini ya bwawa ana haki ya kujua ni kiasi gani kinachukuliwa, kiasi gani kinaachwa mtoni, na ni nani aliyepima. Sheria inayomtaka mwenye kisima cha Kiganjo afunge mita haiwezi kumsamehe mwenye handaki.

Basi, ndugu zangu, nawasihi. Ninyi mnaouza ardhi, mwambieni mnunuzi ukweli wa maji kama mnavyomwambia ukweli wa mipaka. Nanyi mawakili wetu wa Thika na Ruiru, mkataba wa mauziano usiotaja maji msiuite mkataba uliokamilika. Andikeni ndani yake namba ya kibali, kiasi kilichoruhusiwa, tarehe ya kuisha, na ni nani atakayekwenda kwa Mamlaka kukibadilisha baada ya shamba kugawanywa. Wachungaji, maimamu na machifu, mnaosikilizwa kila wiki, litieni jambo hili katika matangazo yenu.

Na wewe mnunuzi, mama yangu, kaka yangu, uliyeweka akiba kwenye chama miaka mingi ili upate pa kujenga: ukishanawa uso na kucheka, mgeukie dalali umwombe karatasi. Chukua nakala, ipeleke kwa afisi ya Mamlaka inayosimamia chanzo hicho, uulize kama kibali kiko hai na kama kinaitambua ploti yako. Ukiambiwa karatasi iko kwa bosi, au itakuja baadaye, au kwamba hapa kwetu hatuhitaji mambo hayo, rudisha pesa zako mkobani na uende ukatafute ploti kwingine.