Hakuna Mashine Ijuayo Yenyewe

Kuna maneno mawili ambayo mwanafunzi akiyatamka mbele yangu hunichoma kuliko kosa lolote la hesabu. Maneno yenyewe ni haya: "Inajua yenyewe." Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1973, nikafundisha Hisabati, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu mwaka 2011. Katika miaka yote hiyo sikupata kukutana na kitu kinachojua chenyewe. Hata kengele ya shule haikujua saa. Palikuwa na mtoto wa zamu aliyeigonga.

Mara ya mwisho nimeyasikia maneno hayo sebuleni kwangu. Mjukuu wangu na wenzake wawili walikuwa wamepewa kazi ya kuandika programu ya matokeo kwa shule moja ya sekondari. Wazazi waliambiwa waje siku ya Ijumaa kuchukua ripoti za watoto wao. Alhamisi jioni vijana wakahamisha programu kutoka kwenye kompyuta yao ndogo ya Windows na kuiweka kwenye seva ya kukodi inayoendeshwa kwa Linux. Ikagoma. Ikasema kwamba klasi ya Mwanafunzi haipatikani. Kwenye kompyuta yao ilifanya kazi bila tatizo, na faili walikuwa wakiliona kwa macho yao.

Nikawauliza, "Wanangu, ni nani anayeiambia mashine faili hilo liko wapi?"

"Babu," akajibu mjukuu wangu, "hiyo ni otomatiki. Inajua yenyewe."

Msomaji asiyejua mambo haya anivumilie kidogo. Programu kubwa haiandikwi katika faili moja. Hugawanywa katika vipande, na vipande hivyo wenyewe huviita klasi: kimoja cha wanafunzi, kimoja cha masomo, kimoja cha alama. Kabla kipande kimoja hakijatumiwa, lazima faili lake lisomwe. Huko ndiko kupakia. Katika lugha ya PHP, ambayo vijana wangu waliitumia, zamani mwandishi alipakia kila faili kwa mkono, kwa amri ya mstari mmoja mmoja, na kichwani mwa faili ungeweza kukuta amri ishirini au thelathini zimepangana kama orodha ya mahudhurio. Ukisahau moja, kazi inasimama. Ukikosea mpangilio, kazi inasimama.

Sitetei adha hiyo. Mwaka 2004 lilipotoka toleo la 5 la PHP likiwa na namna ya kupakia kwa otomatiki, lilikuwa jambo jema. Lakini namna ile ya kwanza iliruhusu kipakizi kimoja tu katika mradi mzima. Watu wawili wakileta kazi zao, kila mmoja na kipakizi chake, zikagongana. Mwaka uliofuata ikaja namna ya kuandikisha vipakizi vingi vinavyoulizwa kimoja baada ya kingine, na ile ya kwanza iliondolewa kabisa katika toleo la 8 mwaka 2020. Mwaka 2012 ikaja Composer, na Desemba 2013 waandishi wa PHP wakapitisha kanuni iitwayo PSR-4. Yote haya ni kazi ya watu waliokaa wakakubaliana. Hakuna hata moja lililojua lenyewe.

Kanuni hiyo ni nyepesi, na mtoto wa darasa la sita angeielewa. Kila klasi ina jina lake na majina ya ukoo wake. Tuseme jina kamili ni Shule\Matokeo\Mwanafunzi. Katika faili liitwalo composer.json unaandika mara moja kwamba ukoo wa Shule unakaa katika folda ya src. PHP ikikutana na jina isilolijua, inamuuliza kipakizi. Kipakizi anaondoa neno Shule, anaweka src mahali pake, anageuza mikwaju, anaongeza .php mwishoni, kisha anakwenda kubisha hodi: src/Matokeo/Mwanafunzi.php. Faili likiwapo, linasomwa. Lisipokuwapo, anarudi mikono mitupu.

Aliyewahi kutunza maktaba ya shule ameshaielewa. Katika mpango wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, Kiswahili kina namba 496.392. Mtunza maktaba hana haja ya kukumbuka kila kitabu. Anasoma namba, namba inampeleka kwenye rafu. Lakini kitabu kikirudishwa kwenye rafu isiyo yake, namba haina nguvu ya kukifuata.

Usiku ule niliwaambia vijana waache otomatiki kwa dakika tano, waandike kwa mkono amri ya kupakia faili lile moja, kwa jina lile lile ambalo kipakizi angelitafuta. Waliguna, wakaandika. Seva ikajibu kwa njia kamili, neno kwa neno: hakuna faili kama hilo mahali hapo. Wakafungua orodha ya mafolda kwenye seva, na mmoja wao akashika kichwa. Folda ilikuwa matokeo, kwa m ndogo. Windows, kwa kawaida yake, haijali tofauti ya herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Linux inajali. Herufi moja tu ilikuwa imewakalisha saa nne. Wazazi wa Ijumaa walipata ripoti zao, lakini vijana hawakulala.

Sasa niseme ninalolisema. Siwalaumu vijana wale. Namlaumu aliyewafundisha, na wengi wanaofundisha kama yeye. Nilipotazama daftari la mjukuu wangu la mafunzo nilikuta somo zima la kupakia kodi limeandikwa mistari mitatu: nakili hii, endesha hii, usiguse hapa. Hilo si somo. Hayo ni maagizo ya dawa, na hata dawa daktari hueleza inatibu nini. Mkufunzi wetu wa Hisabati chuoni alitukataza kuandika kanuni ubaoni kabla ya kuonyesha ilikotoka. Alisema mwanafunzi aliyepewa kanuni bila asili yake ataitumia vizuri mpaka siku swali litakapogeuzwa kidogo. Seva ya Linux ndilo swali lililogeuzwa kidogo.

Najua watakavyonijibu. Watasema mzee huyu anataka turudi kwenye chaki. La hasha! Watasema muda hautoshi. Mbona muda wa kukaa saa nne mbele ya herufi moja ulipatikana? Watasema zana zenyewe zitaonyesha kosa. Ni kweli, Composer ikiagizwa kutengeneza orodha kamili ya majina na mafaili yake hutaja klasi isiyolingana na folda yake, na kuiruka. Lakini onyo hilo humsaidia anayejua kwamba kuna kulingana. Kwa asiyejua, ni mistari ya Kiingereza inayopita kwenye kioo.

Ninachotaka ni kidogo. Siku ya kwanza mwanafunzi apakie mafaili matano kwa mkono, akosee mpangilio, aone kinachotokea. Siku ya pili aandike kipakizi chake mwenyewe, kwani hakizidi mistari kumi, na akipe jina lenye herufi iliyokosewa makusudi, kwenye mashine inayojali herufi. Siku ya tatu mpe Composer, naye ataipokea kama mkulima aliyelima kwa jembe anavyopokea trekta, akijua inafanya kazi gani. Siku tatu tu, katika mafunzo ya miezi sita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwalimu ndiye wa kuinama kwanza.

Mjukuu wangu siku hizi hasemi tena kwamba mashine inajua. Husema, "Babu, tumeiambia." Ni tofauti ya neno moja, lakini anayesema "tumeiambia" siku ya kosa atajiuliza aliiambia nini. Anayesema "inajua yenyewe" atabaki akiitazama.